Mkono uliopooza, roboti na hesabu ya marudio

Kila inapozungumzwa tiba ya mkono uliopoozwa na kiharusi, hoja inayosikika sana Tanga ni fupi: tupatiwe wataalamu wa fiziotherapia, watafiti wa ubongo na roboti wabaki huko kwa wenye pesa. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Ila inampima mtafiti kwa chombo alichokishika, wakati faida yake kubwa kwetu iko katika yale aliyoyabaini kwa kukitumia.

Wanaopinga wana ushahidi mzito. Utafiti wa RATULS wa Uingereza, uliotangaza matokeo yake mwaka 2019, ulikuwa na wagonjwa 770. Kundi la kwanza lilizoeza mkono kwa roboti iitwayo MIT-Manus dakika 45, mara tatu kwa wiki, kwa wiki 12. La pili lilipata muda huohuo mikononi mwa wataalamu. La tatu lilibaki na huduma ya kawaida. Waliofikia kiwango cha mafanikio kilichowekwa ni asilimia 44 kwa roboti, 50 kwa wataalamu na 42 kwa huduma ya kawaida. Roboti haikuizidi huduma ya kawaida kwa tofauti ya kutegemewa. Ongeza umeme unaokatika, hewa ya chumvi ya pwani na mota ambayo ikiungua kipuri chake kinaagizwa ng'ambo. Mwenye kusema tusinunue yuko sahihi.

Lakini roboti hizi zimefanya kazi nyingine, ya kuuliza maswali. Mwaka 1994 watafiti Reza Shadmehr na Ferdinando Mussa-Ivaldi waliwashikisha watu wazima wenye afya mpini wa roboti iliyousukuma mkono pembeni kila walipoupeleka mbele. Mwanzoni mkono ulipinda. Baada ya majaribio mengi ukanyooka. Nguvu ilipozimwa ghafla, mkono ukapinda upande wa pili, maana ubongo ulikuwa umeshaitarajia ile nguvu na kujipanga kuipinga. Kilichoufundisha ni kosa lenyewe, na ni kipimo cha kihandisi kilicholionyesha kosa hilo.

Hapo ndipo mtu wa taaluma tatu, ubongo, mazoezi na vipimo, anapohitajika. David Reinkensmeyer wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, anafundisha uhandisi wa mitambo na pia ni mtu wa anatomia na sayansi ya neva. Yeye na wenzake walionyesha kwamba mashine ikimsaidia mtu kukamilisha mwendo, mwili wake hupunguza juhudi taratibu na kuiachia mashine kazi. Dawa waliyopendekeza ni msaada wa kadiri ya haja: upungue kila mara, uongezeke pale tu kosa linapokua. Sasa mfikirie binti anayemnyoosha baba yake mkono kwa huruma toka mwanzo hadi mwisho, mara ishirini, kila jioni. Anafanya kosa lilelile la ile roboti. Kumwambia aushike mkono pale tu unapokwama, kisha auachie, hakuna gharama hata ya shilingi moja, na ushauri huo umetoka maabara.

Kuna tarakimu moja ambayo kila mwenye kupanga huduma hizi angepaswa kukaa nayo: 32. Mtafiti Catherine Lang na wenzake waliketi katika vyumba vya mazoezi Marekani na Kanada wakihesabu, wakachapisha mwaka 2009. Katika kipindi kimoja cha tiba, mkono uliopooza ulifanya kazi yenye maana, kama kushika na kufikia kitu, kwa wastani wa mara 32. Wanyama wa maabara ambao ubongo wao ulionekana kujipanga upya walirudia mara 400 hadi 600 kwa siku. Mgonjwa anayesafiri kilomita 50 hivi kutoka Pangani, mara mbili kwa wiki, akipata 32 kila safari, kwa wiki nne atakuwa na marudio 256. Nauli ya mwezi mzima imenunua pungufu ya siku moja ya mnyama wa maabara. Na si kwamba haiwezekani: mwaka 2010 kundi hilohilo la watafiti liliwafikisha wagonjwa wastani wa 322 kwa saa moja.

Wingi peke yake hautoshi. Lang huyohuyo mwaka 2016 aliwagawa watu 85, wote wakiwa wamepita miezi sita tangu kiharusi, katika dozi za marudio 3,200 hadi 9,600 na nyingine isiyo na kikomo maalumu. Dozi kubwa haikuleta nafuu kubwa zaidi. Kisha mwaka 2021 utafiti wa watu 72, kila anayetibiwa akiongezewa saa 20 za mazoezi, ukaonyesha waliofaidika zaidi ni walioanza mwezi wa pili hadi wa tatu tangu kiharusi. Walioanza baada ya miezi sita hawakuwazidi wale wasioongezewa kitu. Mwezi wa pili na wa tatu mgonjwa wetu yuko nyumbani Makorora au Muheza, hospitali imekwisha kumruhusu.

Kwa hiyo kazi ya uhandisi hapa ni ndogo na ya nyumbani. Kiti kisicho na magurudumu, meza ya usawa wa kiwiko, kanga ikizungushwa kifuani na mgongo wa kiti, kwa sababu mgonjwa huinamisha kiwiliwili badala ya kunyoosha kiwiko na kudhani mkono umefika. Kazi tatu, kila moja mara 100: kupandisha kikombe rafuni, kuzungusha kifuu kitupu kama anayekuna nazi (mbuzi yenye meno isubiri), kusuka ukili. Kila rudio, punje ya haragwe koponi.

Ukitaka kihisi cha mwendo, yaani kifaa cha kuvaa kinachohesabu miendo ya mkono, kinachopima mara 50 kwa sekunde kinatosha. Vaa viwili, mkononi na kifuani, la sivyo kuinama kutahesabiwa kuwa ni kunyoosha mkono. Kivuliwe kwenye bajaji, maana mtikisiko wa barabara huandikwa kama mazoezi. Kiwango cha chini cha mwendo unaohesabiwa kipangwe kwa mgonjwa mwenyewe. Kikipangwa kwa mkono usiougua, miendo dhaifu yote itapotea. Viungio vya nyaya vilehemiwe na kupakwa vanishi, kwani chumvi hula plagi za kuchomeka.

Likibaki suala la mshahara, nakubali: nafasi ikiwa moja, apewe mtaalamu wa fiziotherapia. RATULS yenyewe inampa asilimia 50. Lakini kadi ya mgonjwa ambayo mtaalamu huyo anaijaza ipangwe na mtu anayeujua ubongo, mazoezi na vipimo kwa pamoja, na iwe na safu tatu ambazo "amefanya mazoezi, anaendelea vizuri" haiwezi kuzijaza: siku ya ngapi tangu kiharusi, marudio mangapi, na mara ngapi alisaidiwa.