Mwandishi Aulizwe Nini?

Kitabu kikishatoka mtamboni, kazi ya mwandishi siku hizi huwa haijaisha. Mchapishaji humtaka aende redioni, akae jukwaani mbele ya wasomaji, ajibu maswali ya mtu ambaye pengine amesoma maneno ya nyuma ya jalada tu. Mchoraji naye husimamishwa kando ya picha yake aeleze alitaka kusema nini. Wapo wanaoyafuata mazungumzo haya kwa hamu kuliko hata kazi zenyewe, na wapo wanaosema yanaiua sanaa kwa kuifafanua. Mimi nimeyasoma kwa miaka mingi na ninayapenda. Hata hivyo, hoja za wanaoyapinga ni nzito kuliko watetezi wake wanavyokubali.

Mwaka 1946 wahakiki wawili wa Marekani, W. K. Wimsatt na Monroe Beardsley, walidai kwamba nia ya mtunzi si kipimo cha kuihukumia kazi yake. Kama alifanikiwa, nia hiyo itaonekana ndani ya shairi lenyewe. Kama hakufanikiwa, maelezo ya pembeni hayataliokoa. Kwa muda mrefu niliiona hoja hiyo kuwa ya madarasani tu. Kisha nikasoma riwaya ambayo mwishoni mama anafunga mlango, na hatuambiwi kama amebaki ndani au ametoka. Nilikaa na mlango ule kwa majuma kadhaa, leo nikiwa na hakika ameondoka, kesho nikiwa na hakika amebaki. Baadaye nikakutana na mahojiano ambamo mwandishi alisema, bila kusitasita, kwamba mama alitoka. Nimeirudia riwaya ile mara mbili tangu hapo, na sijaweza tena kusimama mbele ya mlango ule nikiwa sijui. Mwandishi hakukosea kusema, aliulizwa, akajibu. Lakini nilinyang'anywa kitu.

Wanaotetea ukimya humtaja sana Elena Ferrante, mwandishi wa riwaya wa Italia. Tangu riwaya yake ya kwanza ya mwaka 1992, haonyeshi uso wake wala hatumii jina lake halisi, na aliwaeleza wachapishaji wake mapema kwamba kitabu kikishaandikwa hakimhitaji tena aliyekiandika. Vitabu vyake vimesomwa duniani kote. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, ndivyo tunavyoambiwa. Ila mfano huu una upande wa pili. Kwanza, ukimya wake wenyewe uligeuka habari, hata mwaka 2016 mwandishi wa habari mmoja akachimbua rekodi za malipo na mali ili kumfichua, jambo ninaloliona kuwa uonevu. Pili, Ferrante hajanyamaza kabisa. Amejibu maswali mengi kwa maandishi, na barua na majibu hayo yamekusanywa yakawa kitabu kizima. Anachokataa ni kuuza uso wake. Kuhusu uandishi, amezungumza sana.

Na kwa mwandishi ambaye hajulikani, kizuri hakijiuzi kikiwa kimelala ghalani. Matangazo yana gharama, mahojiano kwa kawaida hayana, ndiyo maana wachapishaji wadogo huyategemea. Siwezi kuwalaumu. Linaloniumiza ni kwamba gharama hiyo haikutoweka, ila imehamishiwa kwa mwandishi. Saa anazotumia kuzungumza kwa kawaida hazilipwi, na ni saa zilezile ambazo angeandika. Tena mpango huu unampendelea mwenye ulimi mwepesi. Mwenye kigugumizi, mwenye haya, anayelea watoto wadogo na hawezi kusafiri, wote wanapimwa kwa kipaji ambacho hawakuwahi kudai kuwa nacho.

Lakini yapo mazungumzo ambayo tusingekuwa nayo tungekuwa maskini zaidi. Mwaka 1962 François Truffaut, mtengenezaji filamu wa Ufaransa, alikaa na Alfred Hitchcock kwa siku kadhaa, mkalimani akiwa kati yao, wakazipitia filamu za Hitchcock moja baada ya nyingine. Wakati huo wahakiki wengi walimwona Hitchcock kama mburudishaji tu. Truffaut aliuliza kama fundi anavyomwuliza fundi mwenzake: hili ulilifanyaje? Ndipo tunasoma kwamba katika filamu moja ya mwaka 1941, mume anapopanda ngazi na glasi ya maziwa ambayo huenda ina sumu, Hitchcock aliweka taa ndani ya glasi ili macho yetu yasiiache. Ukishalijua hilo hofu haipungui. Unaitazama glasi ileile, bado hujui kama imetiwa sumu, na juu ya hofu sasa una heshima kwa aliyeiwasha.

Linganisha glasi ile na mlango wangu. Hitchcock na mwandishi wa riwaya ile wote walisema, ila mmoja alieleza alivyofanya na mwingine akaeleza maana ya alichofanya. Ernest Hemingway aliijua tofauti hiyo. Katika mahojiano yake ya mwaka 1958 na jarida la The Paris Review, alipoulizwa kuhusu ishara katika vitabu vyake alisema hapendi kuzizungumzia. Lakini alipoulizwa kuhusu kuandika upya, alitaja kwamba ukurasa wa mwisho wa riwaya yake ya mwaka 1929 aliuandika mara 39 kabla hajaridhika. Toleo lililotoka mwaka 2012 lilichapisha miisho 47 iliyopatikana kwenye karatasi zake, kwa hiyo hata hesabu yake huenda ilikuwa pungufu. Kwa kijana aliyekata tamaa baada ya kuandika ukurasa mmoja mara nne, idadi hiyo ina faida kuliko darasa zima.

Wengine hulalamika kwamba jarida hilo huwaruhusu wahojiwa kurekebisha majibu yao kabla hayajachapwa, na kwamba Vladimir Nabokov alitaka maswali yaletwe kwa maandishi, naye akayajibu kwa maandishi. Kwa mwanasiasa ningelipinga hilo kwa nguvu zote. Mwandishi hana cheo cha umma cha kutolea hesabu. Aachwe arekebishe, mradi msomaji aambiwe kwamba majibu yamepitiwa.

Eneo ambalo mahojiano hayaligusi vya kutosha ni uchapishaji wenyewe. Mswada ulikataliwa mara ngapi, mkataba ulikuwa na vipengele gani, nani aliamua jalada, mrabaha ulianza kuingia lini. Naelewa kwa nini watu husita. Mwandishi anaogopa kumkasirisha anayeshikilia kitabu chake kijacho, na wahariri kwa desturi hufanya kazi bila kutajwa. Desturi hiyo ina heshima yake. Ila tazama yaliyompata Raymond Carver. Mkusanyiko wake wa hadithi wa mwaka 1981 ulipitia mikononi mwa mhariri Gordon Lish, ambaye alikata karibu nusu ya maneno na kubadili miisho. Carver alikuwa amemwandikia barua mwaka 1980 akimsihi asimamishe uchapishaji, haukusimamishwa. Wahakiki waliusifu ufupi ule, ukaitwa sauti ya Carver, na waandishi chipukizi wakauiga. Alifariki mwaka 1988, na hadithi zile kama alivyoziandika mwenyewe zilichapishwa kwa ukamilifu mwaka 2009. Huenda baadhi ya wasomaji bado wanalipenda toleo la Lish, na wana haki hiyo. Lakini waigaji wale walistahili kujua kwamba walichokuwa wakijifunza kilitoka kwenye mikono ya watu wawili. Ndiyo maana nikimsikiliza mwandishi akihojiwa leo, nangoja aulizwe mhariri wake alikata nini, na kama alikubali.