Tatizo la pangaboi

Jana usiku joto lilinizidi, nikazungusha swichi ya pangaboi kutoka namba 2 hadi 5. Likajivuta, likanung'unika, na lilipokolea nilikuwa nimeshatupa shuka pembeni. Kitandani hilo si neno. Ila kwa rubani wa ndege inayopaa wima, aliyesimama hewani mita 10 juu ya lami, asiyeshikiliwa na kitu ila upepo wa feni zake, kungoja hivyo ni kuanguka.

Mazungumzo ya ndege zinazopaa wima hayachelewi kufika kwenye ukubwa wa injini. Mimi naona hapo sipo. Nguvu inapatikana, kazi ni kuiongeza na kuipunguza papo hapo, tena upande mmoja kuliko mwingine, na feni nzito haipendi kuharakishwa.

Ndiyo maana naihusudu Ryan XV-5, ndege ya majaribio ya Marekani, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1964. Kila bawa lilikuwa na feni kubwa ndani yake, na nyingine ndogo puani, zote zikizungushwa na moshi wa injini 2 za jeti uliopigishwa kwenye vijembe vya ukingoni mwa feni. Chini ya feni za mabawa kulikuwa na mapande membamba yaliyopangwa kama vioo vya dirisha la luva. Rubani akitaka kupunguza msukumo, hagusi mzunguko wa feni: mapande yanaegemeana mawili mawili, hewa inabanwa, ndege inashuka. Yakibanwa ya bawa moja, inalalia upande huo. Yakielekezwa nyuma yote, inaanza kwenda mbele. Feni yenyewe haina habari.

Ubadhirifu, fundi atasema: unachoma mafuta kupata msukumo, kisha unauziba mwenyewe. Kweli, lakini wepesi wa kubadili msukumo una bei yake. Hata ndege ya kivita F-35B ya leo, ambayo feni yake nyuma ya rubani inazungushwa kwa shafti kutoka injini kuu, hurekebisha msukumo wa feni hiyo kwa mapande ya kuongoza hewa mlangoni mwake.

XV-5 zilijengwa 2 tu. Moja ilianguka mwaka 1965 na kumuua rubani wake, Lou Everett, na feni zile zilikula nafasi kubwa ya bawa. Mradi ukaishia kwenye majaribio. Luva zake, hata hivyo, ningezifunga leo hii chini ya pangaboi langu.