Baiskeli ya kuegemea ikipata mota, ubishi wa zamani unaishia wapi?

Watetezi wa baiskeli za kuegemea, zile ambazo mpandaji huegama kitini miguu ikiwa mbele, wamekuwa na hoja moja kubwa dhidi ya wapenzi wa baiskeli ya kawaida tangu miaka ya 1930: mwendo. Tarehe 7 Julai 1933, jijini Paris, mwanamichezo wa baiskeli Francis Faure alipanda Vélocar, baiskeli ya kuegemea ya mbunifu Charles Mochet, amelala chali miguu ikiwa mbele, akaenda kilomita 45.055 kwa saa moja. Rekodi ya saa moja ya mwaka 1914, ya Oscar Egg aliyepanda baiskeli ya kawaida, ikaanguka. Mwaka 1934 chama cha kimataifa cha mbio za baiskeli, UCI, kikaandika upya masharti ya baiskeli ya mashindano, na ile ya Mochet ikaachwa nje. Mpaka leo wapenzi wa baiskeli hizi husimulia kisa hicho kwa uchungu wa watu walioonewa. Wana haki yao. Ila kisa hicho hakimsaidii chochote mtu anayefikiria baiskeli ya nusu kuegemea, yenye springi na mota.

Nusu kuegemea ni umbo jingine. Mgongo umeegama kidogo tu kwenye kiti kipana, pedeli ziko mbele lakini bado chini kuliko kiti, na hendeli inakufuata mpaka karibu na kifua. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kampuni ya Giant ya Taiwan iliuza Revive, yenye magurudumu madogo, kiti chenye mgongo na springi nyuma. Kule Corvallis, Oregon, BikeE ilitengeneza zake juu ya boriti moja ya alumini, hadi kampuni ilipofungwa mwaka 2002. Kwa umbo hilo kifua bado kinaupokea upepo karibu wote, kwa hiyo anayekuuzia baiskeli hii kwa sifa za Faure anakudanganya.

Sasa weka mota. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, baiskeli ya umeme inayohesabiwa kuwa baiskeli ya kawaida ina mota isiyozidi wati 250, na msaada wake hukatika kwenye kilomita 25 kwa saa. Aliyeketi wima na aliyeegama wanafika hapo pamoja na kuachwa hapo pamoja. Hoja ya mwendo imekwisha. Lakini hoja kuu ya wapinzani imekwisha nayo: kwamba aliyeegama hawezi kusimama juu ya pedeli kilimani akatumia uzito wa mwili. Ni kweli hawezi. Siku hizi kilima ni kazi ya betri.

Kinachobaki kupimwa ni mwili wa mpandaji na ufundi wa chombo chenyewe. Kwa mwili, faida si ya kubishaniwa sana: viganja havibebi kifua, shingo haikunjwi, na makalio yamekaa kwenye kiti badala ya tandiko jembamba. Ukisimama, miguu yote miwili inafika chini bila kushuka. Mtu mwenye mgongo au viganja vibovu ataiona tofauti mara moja.

Kwa ufundi, mambo ni magumu zaidi. Mpandaji wa baiskeli ya kawaida akiona shimo hunyanyua makalio, na magoti yakawa springi. Aliyeegama hana njia hiyo. Uzito wake uko kitini, na kila tuta linapanda moja kwa moja kwenye uti wa mgongo. Tena magurudumu ya inchi 20 huzama kwenye mashimo ambayo lile la inchi 28 lingeyavuka. Ndiyo maana springi ya nyuma kwenye umbo hili si pambo, isipokuwa kama njia zako zote ni lami safi. Hapo tairi pana la milimita 50 lenye upepo wa wastani linatosha, na umeokoa uzito na pesa.

Springi nayo ina masharti yake. Cheni ikipita mbali na bawaba ya uma wa nyuma, yaani ule unaoshika gurudumu na kupanda na kushuka nalo, kila ukikanyaga fremu inanesa na jasho lako linaishia kwenye springi. Wabunifu makini huipitisha cheni kwenye puli karibu na bawaba. Springi iliyokazwa kwa mtu wa kilo 90 itakuwa jiwe kwa wa kilo 55. Muulize muuzaji kama anayo ya kubadilisha. Wengi hawana.

Kisha mota ikae wapi? Hapa ndipo naona makosa mengi, hasa kwa wanaofunga vifaa wenyewe. Kwenye umbo hili sehemu kubwa ya uzito iko nyuma, kwa hiyo mota ya habu (kitovu cha gurudumu) ya mbele inazungusha gurudumu lisilobeba uzito mwingi, nalo linateleza kwenye mchanga au kilima chenye maji. Ukiipeleka kwenye habu ya nyuma, gurudumu linashika barabara, lakini umeongeza kilo ambazo springi haizibebi, na gurudumu zito huchelewa kufuata mashimo. Betri iliyofungwa kwenye karia iliyoungwa na uma wa nyuma inaleta kosa lile lile. Mahali pake ni kwenye fremu, chini ya kiti. Mimi ningechagua mota ya kwenye pedeli. Inatumia gia zilizopo na inaacha magurudumu yakiwa mepesi. Gharama yake ni cheni, ambayo kwenye umbo hili ni ndefu kuliko ya kawaida na sasa inalika haraka.

Kuna jambo wauzaji hawalisemi: sensa, yaani kihisi kinachoiambia mota lini ianze kusaidia. Kuondoka kwa kuegemea ni kugumu, kwa sababu usawa hauji mpaka chombo kisogee. Sensa inayosubiri pedeli zizunguke kwanza ndipo iamshe mota inakuchelewesha pale pale unapoihitaji. Ile inayopima nguvu ya mguu inaitika tangu kanyago la kwanza.

Wapinzani wanabaki na mambo ya kweli. Chombo ni kirefu, na kikiwa na betri hukaribia kilo 30. Anayeishi ghorofa ya tatu bila lifti asijisumbue. Kugeuka kutazama nyuma ni kazi, kwa hiyo kioo ni lazima. Kwa msomaji wa Dodoma au Kisumu, vipuri ndivyo vitakavyoamua: tairi la inchi 20 la BMX linapatikana, ingawa kuna inchi 20 za aina mbili zisizoingiliana, lakini shokabsoba na betri fundi wa mtaani hana pa kuvitoa.

Kwa bei yake, singemshauri kijana mwenye mgongo mzima ainunue. Kwa aliyeacha baiskeli kwa sababu ya maumivu ningesema ajaribu, na jaribio lisiwe kwenye uwanja wa duka. Aipeleke kilimani, asimame katikati, kisha aondoke tena.