Nani Alinituma Nisome Habari za Bakteria?

Jamani, nilikuwa naishi raha mustarehe mpaka nilipojitia usomi. Siku hiyo si ningesoma tu matokeo ya mpira!

Eti simu ya mkononi ina bakteria mara 10 kuliko kiti cha choo. Kasema Charles Gerba wa Chuo Kikuu cha Arizona, mzee ambaye kazi yake ni kupima uchafu wa vitu vya watu. Na simu hiyo ndiyo naibandika shavuni kutwa nzima, usiku nalala nayo kwenye mto wa kulalia!

Ila simu ina afadhali. Mwaka 2017 Wajerumani walipima sponji 14 za kuoshea vyombo. Kuna sehemu kijipande cha sentimita moja ya ujazo kilikuwa na bakteria zaidi ya bilioni 50. Binadamu wote duniani hatufiki hata bilioni 10! Halafu nikaikumbuka sponji yetu. Ilinunuliwa ya kijani. Sasa hivi rangi yake haina jina. Nikasema basi nitaichemsha, kumbe sponji ambazo wenyewe walisema huzisafisha kila mara nazo zilikutwa zimejaa vilevile, tena wale bakteria wa kunukisha ndio waliozidi. Yaani unafukuza wapole, wanabaki wahuni.

Nikaona dawa ni kunawa. Sabuni, sekunde 20, nikahesabu kwa sauti. Mikono ikang'aa. Nikafunga bomba. Lo! Si ndilo nililolifungua kwa mikono michafu? Nikanawa upya. Nikafunga bomba. Mara ya nne mama watoto akachungulia, akauliza kama siku hizi nimeajiriwa na bomba.

Nikamweleza. Hapo ndipo nilipojimaliza, maana mdomo wangu hauna breki: nikamsomea na ya Waholanzi wa 2014, kwamba busu la sekunde 10 linahamisha bakteria kama milioni 80. Hakusema kitu. Usiku nasogea, nikakuta mto katikati.

"Baba watoto, milioni 80 hizo kaa nazo mwenyewe."

Basi nipo chooni. Mlango nimeusukuma kwa kiwiko, nimekaa zangu kwenye kitu kisafi kuliko vyote humu ndani. Kinachonitia huruma ni hiki kiti tu, maana simu nimeingia nayo.