Wakili wa bure wa mtoto ni wakili wa nani?

Bibi anamlea mjukuu wake tangu mama wa mtoto alipotoweka. Hospitali inataka sahihi ya mlezi halali kabla ya upasuaji. Mara ndugu wa upande wa baba, ambao hawakuonekana kwa miaka sita, wanafungua shauri wakimdai mtoto. Wao wana wakili. Bibi ana mfuko wenye karatasi za kliniki.

Hapo ndipo anapotafutwa wakili wa kujitolea, yule ambaye wanasheria humwita kwa Kilatini wakili wa pro bono. Sidhani kama yupo wa kumlaumu mtu anayesimama na bibi huyo bila kudai ada. Ubishi uko kwingine: je, ni sawa hatima ya mtoto itegemee kama wakili fulani ana nafasi mwezi huu?

Wanaoutetea utaratibu huu wana mfano mzito. Mwaka 1964, katika jimbo la Arizona nchini Marekani, mvulana wa miaka 15 alikamatwa akidaiwa kumtolea jirani maneno machafu kwa simu. Hakimu aliamuru apelekwe shule ya marekebisho, ambako angeweza kukaa hadi atimize miaka 21. Mtu mzima kwa kosa lilelile angetozwa faini isiyozidi dola 50 au angefungwa miezi isiyozidi miwili. Mvulana hakuwa na wakili, na sheria ya jimbo haikutoa nafasi ya rufaa kwa mashauri ya watoto. Mawakili wa shirika la kutetea haki la ACLU walilifikisha suala hilo Mahakama ya Juu, na mwaka 1967 mahakama hiyo ikaamua kwamba mtoto anayeweza kufungiwa ana haki ya wakili, na familia isipomudu, apewe. Hisani ya watu wachache iligeuka kuwa haki ya watoto wa nchi nzima. Hoja hiyo si ya kupuuzwa.

Lakini mashauri ya aina hiyo ndiyo yanayowavuta mawakili. Shauri la bibi haliandikwi magazetini. Linataka hati ya kiapo, maelezo ya afisa ustawi wa jamii, na mtu wa kufika mahakamani mara nne kusikia kwamba limeahirishwa. Na nje ya makosa ya jinai, haki yenyewe huwa nyembamba. Mahakama ileile, mwaka 1981, iliamua kwa kura tano dhidi ya nne kwamba mzazi anayekaribia kupoteza kabisa haki zake juu ya mtoto hana haki ya moja kwa moja ya kupewa wakili chini ya katiba ya nchi. Kila shauri lipimwe kivyake. Majimbo mengi yameziba pengo hilo kwa sheria zao. Juu ya hayo, sheria ya Marekani ya mwaka 1997 inaitaka mamlaka, isipokuwa kwa sababu maalumu, iombe haki za mzazi zifutwe pale mtoto anapokuwa amelelewa nje ya nyumbani kwa miezi 15 kati ya 22 iliyopita. Kwa hesabu hiyo, wakili anayejitolea kwa moyo mweupe lakini akaomba ahirisho mara mbili kwa sababu ya wateja wake wanaolipa anaweza kumgharimu mzazi zaidi kuliko kama angekataa tangu siku ya kwanza.

Wapinzani wana hoja nyingine wanayoipenda: kwamba huduma ya bure inaipa serikali kisingizio cha kukwepa wajibu wake. Uingereza hutajwa sana hapa. Sheria ya mwaka 2012, iliyoanza kutumika Aprili 2013, iliondoa fedha za umma za msaada wa kisheria katika migogoro mingi ya wazazi kuhusu mtoto akae na nani na amwone nani, isipokuwa hasa pale penye ushahidi wa ukatili wa nyumbani. Wazazi wanaojitetea wenyewe wakaongezeka sana mahakamani. Mimi hoja hii hainishawishi sana. Mawakili wenyewe walionya mapema kwamba kujitolea kwao kusingeweza kuziba pengo, na bajeti ikakatwa vilevile. Anayetaka kupunguza matumizi hasubiri kisingizio. Kuwaambia mawakili waache kujitolea ili serikali ione aibu ni kumtuma mtoto akagombane na bajeti, naye hakai utotoni akisubiri.

Kinachonisumbua mimi ni jambo ambalo pande zote mbili hulipita haraka: mteja ni nani hasa?

Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, kifungu cha 12, unataka mtoto mwenye uwezo wa kuunda maoni yake asikilizwe katika mashauri yanayomhusu, yeye mwenyewe au kupitia mwakilishi. Katiba ya Afrika Kusini inakwenda mbali zaidi: mtoto apewe wakili kwa gharama ya serikali hata katika mashauri ya madai, ikiwa bila hivyo haki itavurugika kwa kiasi kikubwa. Ila wakili wa kujitolea mara nyingi hakuitwa na mtoto. Aliitwa na bibi, na amekunywa chai ya bibi. Mtoto wa miaka 12 akimwambia kwa sauti ya chini kwamba angependa kwenda upande wa baba, wakili huyo atafanya nini?

Uingereza ina jibu kwa mashauri ambayo mamlaka inataka kumchukua mtoto: mlinzi wa mtoto huieleza mahakama kilicho bora kwake, wakili akiwa kando yake, na mtoto mwenye uelewa wa kutosha asipokubaliana na mlinzi anaweza kumwagiza wakili moja kwa moja. Watu wawili, kazi mbili. Wakili wa bure hulazimika kuzibeba zote peke yake, tena bila mtu wa kumwambia amechanganya.

Kwa hiyo ningemkubali bila kusita, ila kwa masharti. Aseme siku ya kwanza, kwa maandishi, anamwakilisha nani katika nyumba ile. Aseme atafika wapi na shauri: hadi amri ya malezi, au pia rufaa na maombi ya kubadili amri mtoto akikua. Akijitoa, amkabidhi jalada wakili mwingine, si kumrudishia bibi mfuko wake. Na kama bibi na mjukuu wanataka mambo tofauti, achague mmoja na amtafutie mwingine wakili wake, hata kama kwa kufanya hivyo atampoteza bibi aliyemwita.