Geti la Mtaa, Barabara ya Umma

Nairobi ina mageti ya aina mbili, na tukiyachanganya, mjadala wa iwapo kaunti iyatolee kibali na kuyakagua unaharibika. Geti la ploti ya mtu, ambaye ramani yake ilipitishwa, kaunti haina haja ya kulifuatafuata. Lile lililowekwa katikati ya barabara iliyotengenezwa kwa kodi, mithili ya mageti ya Buruburu na South C, ndilo lenye maswali.

Wakazi wana hoja nzito. Polisi ni wa serikali ya kitaifa, kwa hivyo City Hall, yaani serikali ya kaunti, haiwezi kuwaletea doria hata ya usiku mmoja. Watu walichoka kuvunjiwa magari, wakachanga pesa, wakaajiri soja. (Wanaotaja mashambulizi ya kigaidi ya Westgate ya 2013 na DusitD2 ya 2019 wanatia chumvi. Mabomba mawili yaliyochomelewa hayangewazuia washambuliaji wale.)

Lakini Jedwali la Nne la Katiba linaikabidhi kaunti barabara zake pamoja na huduma za zimamoto. Nyumba ikiwaka saa nane usiku, gari la zimamoto likute kufuli na mwenye ufunguo hashiki simu, lawama itaangukia nani? Kuna pia jirani aliyechelewesha ada ya ulinzi: soja ameagizwa asimfungulie, basi anashuka kwenye gari, anafungua geti mwenyewe, anaingia, kisha anarudi kulifunga. Anaadhibiwa kwenye barabara ya umma bila sheria yoyote kutajwa.

Na lile daftari! Kalamu imefungwa kwa uzi, na unapoandika nambari ya kitambulisho na ya simu unasoma za waliokutangulia wote. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 bado haijafika kwenye kibanda cha soja.

Hofu yangu ni kanjo, askari wa kaunti. Ukaguzi ukiachwa mikononi mwao bila masharti ya wazi, kila geti litageuka dirisha la kitu kidogo. Hata hivyo naona heri kibali kuliko kunyamaza: kitolewe kwa mwaka mmoja, kwa ada ndogo, wenye miguu wapite bila kuandikishwa, ufunguo upatikane saa zote, na mtaa wa pili, ambao ndio utabeba magari yaliyofungiwa njia, usikizwe kwanza. Orodha ya mageti yenye kibali ibandikwe kwenye ofisi ya wadi. Lisilokuwemo lipewe notisi, kisha ling'olewe mchana, wakazi wakiona.