Swali ni nani anajitokeza

Nimesoma makala kuhusu mitandao ya kijamii na uchaguzi. Mwandishi wake anasema mitandao hiyo inawageuza watu wamwache mgombea huyu wamchague yule. Hapo naona amerahisisha mno. Mtu mwenye chama chake hageuzwi na video ya sekunde 30. Anaicheka, anawarushia wenzake, basi. Kinachoyumba zaidi ni kama atatoka nyumbani kwenda kupiga kura.

Mwaka 2010, siku ya uchaguzi wa Bunge la Marekani, Facebook iliwaonyesha watu wapatao milioni 61 ujumbe wa kuwahimiza kupiga kura. Wengi wao waliona pia picha za marafiki waliokwisha kubonyeza kwamba wamepiga. Watafiti walikadiria kura 340,000 za ziada. Waliopewa maneno matupu, bila sura za wanaowajua, hawakujitokeza zaidi ya wale ambao hawakuona chochote!

Intaneti yenyewe ni habari nyingine. Ujerumani, utafiti ulionyesha ilipofika intaneti ya kasi wapiga kura walipungua. Sishangai: ukipata burudani usiku kucha, taarifa ya habari unaisikiliza saa ngapi?

Halafu kuna WhatsApp. Usiku wa kuamkia uchaguzi inaingia sauti iliyosambazwa mara nyingi, msemaji hajitambulishi, anadai kituo cha kupigia kura kimehamishwa. Shangazi anaitupia kwenye kundi la familia, kwa nia njema kabisa. Asubuhi wangapi wanabaki nyumbani? Hilo mwandishi angelichimba, kuliko kutuhesabia wafuasi wa wagombea mitandaoni, ambao wengine hata umri wa kupiga kura hawajafika.